Ini linasubiri amri ya kichwani

Shule tuliambiwa kila seli ya mwili ina kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi), basi, yaishe. Kumbe ini halijali hiyo sheria. Mimi nafundisha baiolojia huku Malindi na tunayo slaidi ya ini la panya, ukiichungulia kwa hadubini waona seli ina viini viwili kabisa, jirani yake ana kiini kimoja lakini bonge, manake panya kwa kawaida ni kromosomu 42 kwa seli ila humo kuna zenye 84, hata 168, na wala si ugonjwa.

Inavyokuwa, panya akishaacha kunyonya seli za ini zinakopi kromosomu vizuri tu halafu hazimalizi kugawanyika. Kinachonimaliza ni anayetoa amri: tezi ya pituitari, kidude kilichojificha chini ya ubongo (kwetu binadamu ni kama njegere). Watafiti walipoiondoa kwa panya wadogo, seli nyingi za ini zikabaki na 42 zake, wakiwapa homoni ya ukuaji na ya thairoidi (tezi ya shingoni) zile zenye kromosomu nyingi zinaanza tena kutokea. Na ini la panya likikatwa theluthi mbili hujaa tena kwa wiki moja au mbili hivi, lakini bila pituitari linajikokota.

Faida yake nini, bado wanabishana. Mimi nawaunga wanaosema ni akiba, maana ini linapambana na sumu kila siku, kopi moja ya jeni ikiharibika nyingine zipo. Hata sisi tunazo seli hizo, ila chache kuliko za panya, na zinaongezeka umri ukisonga.