Julai ya kwanza na Lulu

Wiki ya tatu bila kula ndiyo iliyonitia hofu. Lulu, nyoka wangu wa kahawia, wa ile aina inayopenda kuishi karibu na nyumba za watu, alikuwa amezoea kupewa panya kila baada ya siku kumi, na alimrukia hata kabla sijamfikisha chini. Sasa alijikunja tu chini ya gae la chungu nililomwekea kama maficho. Nikimsogezea chakula, anatoa ulimi, ananusa, anageuza kichwa. Ilikuwa Julai, mtaani South B, Nairobi, ile baridi ya mawingu ambapo siku nne hupita hujaliona jua.

Swali la kwanza ninaloulizwa na kila mtu ni kuhusu sumu. Hana. Hunyonga mawindo yake kwa kujiviringisha, na nyoka wa aina yake wapo hapa hapa Nairobi, kwenye stoo na chini ya mawe, wakifuata panya. Huuawa kwa fimbo kabla mtu hajaitazama ile mistari hafifu inayopita kando ya kichwa, mmoja ukivuka jicho. Inaniuma sana, maana wanatusaidia. Lulu mwenyewe hakuokotwa porini, alizaliwa kwa mfugaji mwenye leseni, nami nilitafuta kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori nchini Kenya, kabla ya kumleta nyumbani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kufuga mnyamapori bila kibali, hata umkute jikoni kwako.

Basi nilimkagua. Mdomo safi, hakohoi, hana utitiri kwenye magamba, macho hayajawa na ukungu ule wa buluu unaoonyesha kwamba anakaribia kujivua ngozi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 27. Niliridhika na ile 27 kwa siku kadhaa zaidi, na siku hizo ningezirudisha kama ningeweza.

Usiku mmoja niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaingiza mkono sandukuni. Karatasi ya chini ilikuwa baridi kama sakafu ya bafu. Kipimajoto nilikuwa nimekitundika juu, karibu na balbu. Nilikuwa nikipima hewa ya juu, na yeye analala chini. Nilipokishusha, kilisoma 17. Nyoka hana joto lake mwenyewe mwilini. Akila panya kwenye baridi kama ile, chakula hakisagiki, kinaoza tumboni na atakitapika. Lulu hakuwa mgonjwa. Alikuwa akijilinda, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsumbua kwa panya.

Nilinunua mkeka wa umeme wa kupasha joto, nikauweka chini ya theluthi moja ya sanduku, na thamostati, yaani kidhibiti joto, ambayo kihisi chake kinakaa sakafuni, pale anapolala. Upande wa joto nyuzi 30, upande wa pili 24, na maficho pande zote mbili ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Ubavuni nikazungushia maboksi. Usiku ninatupia blanketi, huku nikiacha matundu ya hewa wazi.

Stima ikipotea, na Julai ile ilipotea mara nyingi, nachemsha maji, najaza chupa mbili, nazifunga taulo na kuziweka upande mmoja tu, ili aweze kusogea akizidiwa na joto. Mama, aliyekuwa amekuja kunitembelea na hakutaka hata kukaribia chumba kile, ndiye aliyezijaza usiku niliochelewa kazini. Alinipigia simu: "Mwanangu, huyo mtu wako nimemwekea maji ya moto. Sikufungua, nimeegemeza nje ya sanduku." Nilimshukuru kwa moyo wote.

Siku ya sita nilitoa panya mweupe kwenye friza. Panya ninafuga mwenyewe, kwa sababu wa mtaani huenda wamekula sumu. Nikamwacha ayeyuke, nikamchovya kwenye maji ya moto, nikamkausha, nikamshika mkia kwa koleo ndefu. Lulu alitoka kwenye gae polepole. Kisha nikasikia tu karatasi ikichakarika, na mizunguko mitatu ya mwili ilikuwa tayari imembana.

Nilizima taa, na kwa siku mbili sikumgusa. Hakutapika.