Vali Iliyonyamaza

Pikipiki yangu ni Suzuki GS500 ya mwaka 1996, yenye silinda mbili, ujazo wa cc 487 na injini inayopozwa na upepo, bila rejeta wala pampu ya maji. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1989 na haikubadilishwa sana kwa miaka mingi iliyofuata. Humfaa mtu anayependa kujitengenezea chombo chake nyumbani, kwa kuwa sehemu nyingi zinaonekana wazi na hufikiwa kwa spana za kawaida. Pamoja na wepesi wote huo, mwaka jana nilipoteza majuma sita nikitengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Asubuhi injini ikiwa baridi iligoma kuwaka mpaka nivute choki hadi mwisho, na hata ilipowaka ilitetemeka, kisha ikazima mara tu niliporudisha choki. Ikishapata moto ilikwenda vizuri barabarani, ila nikisimama na kuachia mafuta, mshale wa mizunguko ulipanda na kushuka bila mpangilio. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki pikipiki ya kabureta angesema jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, zimeziba, nami nikasema hivyo hivyo. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi, kwa sababu petroli iliyolala muda mrefu kwenye bakuli la kabureta huacha utando unaonata, na tundu la jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, ni jembamba kiasi cha kuzibwa na chembe moja ya uchafu. Nilikosea kwa kuamini kabla ya kupima.

Nikazishusha kabureta zote mbili. Hapo nilikutana na skrubu mbili za bakuli ambazo vichwa vyake vilikuwa vimechongwa na mtu aliyenitangulia, na ninadhani najua alivyofanya. Skrubu za msalaba kwenye pikipiki za zamani za Kijapani hufuata kiwango cha viwanda cha Japani, JIS, ambacho msalaba wake unafanana sana na ule wa bisibisi ya kawaida ya nyota lakini hauko sawa nao. Bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini, hivyo ukiizungusha kwa nguvu huruka nje na kuondoka na kingo za skrubu. Nyingi za JIS zina kitone kidogo kando ya msalaba, na bisibisi yake si kitu cha anasa. Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kuongeza kwenye sanduku la spana, ningechagua hicho.

Nilizisafisha jeti, nikazipuliza, nikaziinua kwenye mwanga hadi nikaona tundu la duara kamili. Nikarudisha kila kitu, na hali ikabaki ile ile. Baada ya wiki mbili nikazifungua tena, nikabadilisha oringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia mvujo, na plagi. Hakuna kilichobadilika.

Ushahidi nilikuwa nao mkononi tangu mwanzo. Plagi ya kushoto nilipoitoa ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ya kulia ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Jeti iliyoziba huleta mafuta machache, wala hailoweshi plagi. Mafuta yalikuwa yakifika upande wa kulia, ila hayakuwa yakiungua. Ningeazima kipimo cha mgandamizo siku hiyo hiyo, robo saa ingetosha kuniambia kwamba silinda ya kulia inavuja.

Sikuzishuku vali, milango midogo inayoingiza mafuta na hewa kwenye silinda na kutoa moshi, kwa sababu hazikuwa zikipiga kelele. Tumezoea kwamba vali ikigonga inahitaji kurekebishwa, na ikinyamaza iko salama, lakini kwenye injini ya namna hii mambo huenda kinyume: kila vali inapojipiga kwenye kiti chake huzama kidogo kidogo ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, shina lake husogea juu kuelekea kamshafti, mhimili unaozisukuma vali zifunguke, na uwazi uliopo kati yao hupungua kimyakimya. Uwazi ukiisha, vali haifungi sawasawa. Mizunguko ikiwa ya taratibu, kama wakati wa kuwasha, mgandamizo hupata muda wa kutoroka. Vali ya kutolea moshi ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa hupoa kwa kukipa kiti chake joto wakati imefunga. Ikinyimwa nafasi hiyo, mwisho wake ni kuungua.

Niliiacha injini ilale usiku kucha, kwa kuwa vipimo vya kitabu ni vya injini baridi. Nikatoa tangi, nikafungua plagi ili injini izunguke kwa urahisi kwa spana, nikainua kifuniko cha vali. Kitabu kinataka uwazi wa kati ya milimita 0.03 na 0.08 kwa vali zote nne. Tatu zilikubali fila, kibati chembamba cha kupimia uwazi, ya 0.03 bila ubishi. Ya nne, ya kutolea moshi upande wa kulia, ilikikunja kile kibati chembamba mithili ya jani la kitunguu.

Uwazi hurekebishwa kwa shimu, kipande cha chuma cha duara kinachokaa juu ya kikombe cha vali, nazo hupishana kwa milimita 0.05. Kukitoa kunahitaji kifaa cha kukandamiza kikombe, na subira, kwa sababu oili hukigandisha kama kimegundishwa. Upande wa chini kiliandikwa 2.60. Nikaweka cha 2.55, nikazungusha injini mara kadhaa kwa mkono ili kikae, nikapima tena. Fila ya 0.05 ikapita kwa mkwaruzo mwepesi, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu.

Asubuhi iliyofuata iliwaka mara ya kwanza, nikarudisha choki kabla ya dakika moja kwisha, na mshale ukatulia karibu na mizunguko 1,200 kwa dakika. Vipimo vya vali zote nne nimeviandika kwenye daftari pamoja na kilomita. Gasketi ya kifuniko niliyoirudisha kwa ubahili inavuja tone moja moja kwenye kona ya nyuma, na mpya bado haijafika.