Siku moja na michango ya programu huria, Mbeya

Saa 11:20 alfajiri

Juni ya Mbeya vidole vinagoma kuchapa, lakini saa hii mtandao ni mwepesi na bando la usiku halijaisha. Ndiyo saa ya kushusha vitu vizito. Mradi mkubwa wa programu huria (ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote) ukiushusha pamoja na historia yake yote unaweza kula GB kadhaa, na `git clone` (amri ya kunakili mradi ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo) ina ukorofi wake: ikikatika njiani haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Wageni wengi wanamaliza bando hapo kabla hawajaona mstari hata mmoja wa msimbo. Njia nafuu ni hii:

`git clone --depth 1 ANWANI-YA-MRADI`

Inaleta hali ya leo tu, bila historia. Ukija kuhitaji historia, iongeze kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=200`; kipande kilichokwisha kufika hakipotei.

Programu za Android zina gharama ya pili. Mara ya kwanza unapoijenga programu, Gradle, zana inayoijenga, inashusha maktaba zake, mamia ya MB. Kwenye laptopu ya RAM GB 4 inaweza pia kuigandisha mashine nzima. Ipunguzie kumbukumbu kwa mstari `org.gradle.jvmargs=-Xmx1536m`, ila uuweke kwenye faili la nyumbani kwako, `~/.gradle/gradle.properties`. Ukiuweka kwenye faili la jina hilohilo lililo ndani ya mradi, utasafiri pamoja na mchango wako, na mtu wa upande wa pili atatumia jioni yake kukuuliza umeubadilisha kwa nini.

Jioni ya huyo mtu ndiyo ninayoipigia hesabu siku nzima. Mimi ni mmoja wa wanaosoma michango ya programu ya ramani za simu na tafsiri yake ya Kiswahili, kwa kujitolea, nje ya saa za kazi. Miradi mingi huria ina wasomaji wawili au watatu wa namna hiyo. Mchango unaosomeka kwa dakika tano husomwa leo. Wa saa mbili unasubiri Jumamosi, na Jumamosi nyingine.

Saa 1:30 asubuhi

Chai na kiazi kitamu, huku nikipitia yaliyoingia usiku. Ujumbe ninaoukuta mara nyingi kuliko wote ni: "Habari, mimi ni mgeni, naomba kazi." Sina jibu zuri la kumpa, kwa sababu sijui ana kifaa gani wala anaweza nini. Anayeandika "nimejaribu hitilafu hii kwenye simu ya Android 11, toleo la programu nililopakua jana, bado inatokea, hatua ni hizi nne" ameshachangia, hata asipoandika msimbo maisha yake yote.

Kuthibitisha hitilafu ni kazi halisi yenye nafasi yake. Kwenye LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa mfano, taarifa ya hitilafu huanza na hadhi ya UNCONFIRMED (haijathibitishwa), na hupanda kuwa NEW (mpya) pale mtu wa pili anapofanikiwa kuirudia. Huyo wa pili anaweza kuwa wewe. Andika toleo la programu, mfumo endeshi, hatua moja baada ya nyingine, ulichotarajia na ulichokiona. Picha ya skrini isaidie maelezo, isichukue nafasi yake: maneno ya kosa yaliyo ndani ya picha hayatafutiki.

Wanaotaka msimbo huelekezwa kwenye kazi zenye lebo "good first issue", yaani kazi nzuri ya kuanzia. Lebo hiyo huzeeka. Kabla hujaomba kazi, angalia maoni ya mwisho ni ya lini, kama kuna mtu ameshatuma marekebisho yanayoitaja, na kama tatizo lenyewe bado lipo kwenye toleo la leo. Hilo la tatu ndilo linalorukwa. Mtu anahangaika wiki nzima na kitu kilichokwisha rekebishwa mwaka juzi, kikasahauliwa kufungwa.

Saa 3 hadi saa 7

Kazi ya mshahara. Daladala ya Kabwe, ofisi, hakuna la kusimulia.

Saa 7:15 mchana

Wali wa Kyela na maharage, na simu mkononi. Mapumziko ya mchana ni ya tafsiri, kwa sababu tafsiri haihitaji laptopu. OsmAnd (programu ya ramani) na LibreOffice hutafsiriwa kupitia Weblate, Firefox kupitia Pontoon, na programu inayoendesha Wikipedia kupitia translatewiki.net. Zote hufunguka kwenye kivinjari cha simu. Kwa anayeanza na simu tu, huu ndio mlango ulio wazi zaidi. Ajabu ni kwamba wengi wanaudharau wakidhani ni kazi ya wasiojua kompyuta.

Wajaribu kwanza. Kisanduku kinauliza kama unataka kufuta njia uliyoichora. Chini kuna vitufe viwili. Mfasiri mmoja aliandika "Futa" kwa maana ya kuondoa, mwingine, mwezi mwingine, akaandika "Futa" kwa maana ya kuacha kitendo. Mtumiaji anaona "Futa" na "Futa". Kuondoa ni Futa, kuacha ni Ghairi, na jambo hilo linatakiwa liandikwe kwenye faharasa ya mradi, orodha ya maneno na tafsiri zake, ambayo Weblate huionyesha pembeni. Isome kabla ya neno la kwanza. Ndivyo ilivyo na "njia": Kiingereza kina maneno manne tofauti kwa barabara, njia iliyopangwa, njia iliyorekodiwa na kijia cha miguu. Ukiyaita yote njia, menyu inakuwa na mistari minne inayofanana.

Kisha ngeli. Watengenezaji hupenda sentensi moja itumike kwa kila kitu, namba hapa na jina la kitu pale. Kwa Kiswahili haikubali: picha 5 zimefutwa, maeneo 5 yamefutwa, vituo 5 vimefutwa. Una njia mbili. Ya haraka ni kuipindua sentensi ili kitenzi kifuate neno moja lisilobadilika: "Idadi iliyofutwa: 5". Ya kudumu ni kuandika taarifa kwa watengenezaji wakigawe kipande hicho kiwe sentensi tatu kamili. Taarifa hiyo ina thamani kubwa, maana mtu asiyejua lugha ya ngeli hawezi kuligundua tatizo hata akiusoma msimbo mara kumi.

Alama kama `%s`, `%d` au `%1$s`, ambapo programu huweka jina au namba, hazitafsiriwi wala hazipotezwi. Mahali pake utapahamisha sentensi ikidai, lakini ukiacha `%` bila herufi yake programu inaweza kuanguka kwa watumiaji wa Kiswahili peke yao. Anayehariri faili la .po (faili la tafsiri) kwa mkono aendeshe `msgfmt -c sw.po`, likaguliwe makosa kabla ya kutuma. Maneno yenye alama ya fuzzy (tafsiri yenye shaka) hayaingizwi kwenye programu mpaka mtu ayathibitishe na kuiondoa alama hiyo, kwa hiyo usishangae tafsiri uliyoiona kwenye faili haionekani kwenye skrini.

Halafu kuna ritifaa, alama ya ('), ambayo inatuhusu sisi hasa. Faili za maneno za Android huihesabu kama alama maalumu, na "ng'ambo" ikiandikwa hivi hivi, ama ujenzi unakataa ama alama inatoweka na kubaki "ngambo". Kwenye faili andika `ng\'ambo`. Ndani ya Weblate andika kawaida, yenyewe inaweka mkwaju wa nyuma (`\`). Ukiuweka na wewe, mtumiaji atauona.

Idadi? Maneno ishirini ya skrini moja, uliyoifungua kwenye simu ukaona kila kitufe kinakaa wapi. Mia tano yaliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri ni mzigo kwa anayesoma, na kuyasahihisha huchukua muda mrefu kuliko kuyaanza upya.

Saa 10:30 jioni

Mwanjelwa, chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya simu, vijana wanne na soketi mbili. Wawili wanasoma chuo Iyunga. Leo ni mchango wa kwanza wa msimbo, na tumechagua wa mistari mitatu: ujumbe wa kosa usioeleweka.

Jambo la kwanza ni jina na barua pepe, `git config user.name` na `git config user.email`. Kila komiti, yaani kifurushi cha mabadiliko uliyoyahifadhi kwenye Git (ndivyo tunavyoitamka, isichanganywe na kamati), hubeba vitu hivyo hadharani, na kuvifuta baadaye kwenye mradi wa watu haiwezekani. GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi huria, ina anwani ya noreply (isiyopokea barua) kwa wasiotaka yao ionekane. Barua pepe isiyolingana na ya akaunti haivunji kitu, ila komiti haitahesabiwa kuwa yako.

Pili, tawi jipya, yaani mstari wa kazi uliotengwa na ule mkuu: `git switch -c ujumbe-wa-kosa`. Anayefanya kazi kwenye tawi kuu la nakala yake ya mradi (fork, iliyo kwenye akaunti yake) atajuta kwenye mchango wa pili, kwa sababu utabeba na wa kwanza ambao haujapokelewa.

Tatu, baada ya kuhariri na kabla ya kuhifadhi komiti, `git diff --stat`. Umegusa mistari mitatu, inasema 1,240? Kihariri cha Windows kimebadilisha miisho ya mistari ya faili zima, au kimepanga upya nafasi zote. Rudisha faili, rekebisha mpangilio wa kihariri, anza tena. Mchango wa namna hiyo hausomeki hata kama marekebisho ni sahihi.

Miradi mingine inataka `git commit -s`, inayoongeza mstari wa Signed-off-by: unathibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. LibreOffice hupokea msimbo kupitia Gerrit, mfumo wa kukagua msimbo, na inataka tamko la leseni kwa barua pepe mara moja tu. Haya yote yamo kwenye faili la CONTRIBUTING, ambalo ni dakika kumi za kusoma.

Kisha unasukuma tawi (`git push`, kulipeleka mtandaoni) na kufungua ombi la kuunganisha (pull request), ambalo wasomaji hulipitia. Maelezo yawe mafupi: kilikuwa nini, sasa kinafanya nini, umekijaribu kwenye nini. Mstari "Fixes #" ukifuatiwa na namba ya hitilafu utaifunga yenyewe ombi likikubaliwa.

"Kaka, mbona roboti hainijibu?"

"Inasubiri mtu aibonyeze, mdogo wangu. Ukishapita wa kwanza haitakusumbua."

Hapo ndipo wengi hudhani wameharibu. Kwenye GitHub, vipimo ambavyo roboti huviendesha kwenye ombi la mchangiaji mpya kabisa huenda visianze mpaka mtunzaji wa mradi aviruhusu. Alama ya manjano inayokaa siku mbili haimaanishi kosa. Nyekundu ndiyo ya kufungua na kusoma, na usomaji uanzie chini kwenda juu, maana kosa lenyewe mara nyingi liko karibu na mwisho.

Asiye na laptopu alikuwa na njia yake pia. Sahihisho la maelezo ya usakinishaji hufanyika kwenye tovuti kwa alama ya kalamu, na GitHub humtengenezea nakala na tawi bila amri hata moja. Maelezo hayo huchakaa haraka, na mgeni anayeyafuata leo neno kwa neno ndiye wa kwanza kuona hatua ya tano haifanyi kazi. Watunzaji hawaioni. Wao waliisakinisha zamani.

Saa 11 jioni

Kikao cha maandishi cha mradi, kimetangazwa 14:00 UTC (saa ya pamoja ya dunia). Hesabu ya haraka kwa mtu wa Tanzania: toa 3. Sisi tuko mbele kwa saa tatu na saa yetu iko nyuma ya tarakimu zao kwa sita, basi 14 inakuwa saa 11 jioni. Ikizidi 12, toa 12: 16:00 UTC ni saa 1 usiku. Ila kikao kilichopangwa kwa saa za Ulaya huhama. Juni Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja, na kuanzia mwisho wa Oktoba ni mbili.

Mgeni si lazima aseme. Kusoma tu kunamwonyesha nani anaamua nini.

Saa 2:15 usiku

Umeme umekatika na kurudi mara mbili. Laptopu yenye betri iliyokufa ikizimika katikati ya kuhifadhi komiti, Git huweza kulalamika kwamba faili la kitu fulani ni tupu. `git fsck` inaonyesha palipoharibika. Kama tawi lilishasukumwa, unashusha upya na kuendelea. Kama halikusukumwa, pole.

Sasa nasoma maombi matatu ya leo. La kwanza ni mistari minane, limekubaliwa. La pili lina marekebisho mazuri na mabadiliko mengine manne yasiyohusiana, nimeomba ligawanywe. La tatu ni la mtu niliyempa maoni jana. Amelifunga akafungua jipya, na mazungumzo yote yamebaki kule. Ilitosha kurekebisha kwenye tawi lilelile, `git commit --amend`, halafu `git push --force-with-lease`. Amri hii ya mwisho hukataa kusukuma ikikuta kuna komiti ya mtu mwingine ambayo hujaiona, ndiyo maana tunaipendelea kuliko `--force` tupu.

Kwa anayesubiri jibu: siku saba, kisha ujumbe mmoja wa upole chini ya ombi lako. Kama tawi kuu limesonga mbele wakati unasubiri, `git fetch upstream` na `git rebase upstream/main` (upstream ni jina ulilouandikishia mradi mkuu kwa `git remote add`), jaribu tena, sukuma kwa `--force-with-lease` ileile. Usiandike kila siku, na usimfuate mtunzaji kwenye namba yake binafsi.

Kijana wa Iyunga ameuliza kama afute nakala yake sasa ombi limetumwa. Hapana, nakala ibaki mpaka likubaliwe. Ukiifuta hutaweza tena kuongeza marekebisho. Nimemjibu, nimeruhusu vipimo vyake vianze, na vimeingia kwenye foleni.