Farasi wa Windsor

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Luka 7:11-17, habari ya mjane wa Naini aliyekuwa akienda kumzika mwanawe wa pekee. Kabla hatujafika Naini, naomba tupitie Windsor, Uingereza, tarehe 2 Februari 1901.

Siku hiyo mwili wa Malkia Victoria ulifika Windsor kwa treni kutoka London. Nje ya stesheni lilisubiri gari la mzinga, yaani gari la kubebea bunduki kubwa ya kivita, na mbele yake farasi wa jeshi. Walikuwa wamesimama kwenye baridi muda mrefu. Jeneza likapandishwa, amri ikatolewa, farasi wakashtuka na kurukaruka, na vifaa vilivyowaunganisha na gari vikakatika. Msafara wote, pamoja na wafalme waliotoka nchi mbalimbali, ukakwama. Palikuwa na mabaharia waliopangwa pale kutoa heshima tu, kazi yao kusimama wima. Farasi wakafunguliwa, zikatafutwa kamba, na mabaharia wakalikokota gari kwa mikono hadi kanisa la Mtakatifu George.

Ikawa desturi hadi leo. Kwenye mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili, mwaka 2022, gari la mzinga lilisindikizwa na mabaharia 142, wakiwamo 98 waliokuwa mbele wakivuta, na 40 nyuma wakishika kamba ili gari lisiwakimbilie wenzao kwenye mteremko. Hao 40 tutawarudia.

Kisa hiki husimuliwa kwa kuwasifu mabaharia. Mimi nawahurumia farasi. Nawafahamu, maana kila ukoo una farasi wake. Mara nyingi ni dada mkubwa. Simu ya msiba ikilia saa nane usiku, anayeamka ni yeye. Mochwari ni yeye, jeneza ni yeye, maturubai, sufuria za kukodi, daftari la michango, basi la kwenda kijijini, yote yeye. Siku nzima anaulizwa mchele umewekwa wapi. Hakuna anayemuuliza kama amelala. Tunasema, "Huyu Mungu amempa moyo mgumu," kisha tunamwongezea kazi nyingine. Siku ya tatu anamfokea mpishi kwa ajili ya chumvi, na sisi kwenye mikeka tunatazamana: leo ana nini huyu? Hana kitu. Amesimama kwenye baridi muda mrefu. (Nami nimewahi kuwa kati ya waliotazamana, na chai aliyoichemsha yeye ilikuwa mkononi mwangu.)

Paulo anawaandikia Wagalatia, "Mchukuliane mizigo" (6:2), na mistari michache mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe (6:5). Wengine huona anajipinga. Sidhani. Uchungu wa kufiwa na mama ni furushi la dada yule, hakuna wa kumpokea. Sufuria si furushi lake. Sufuria ni mzigo, na mzigo hupokelewa.

Sasa wale 40 wa nyuma. Msibani wavutaji hawakosekani. Kila mmoja anataka jambo liende, liishe, watu wawahi basi. Wanaokosekana ni wa kushika nyuma. Mjomba anapoanza kuulizia hati ya shamba kabla udongo wa kaburi haujakauka, nani atasema, "Mzee, hilo tuliache kwanza"? Mjane anapoambiwa afungashe nguo za marehemu kesho asubuhi, nani atasema hakuna haraka? Watu hawa hawatajwi kwenye neno la shukrani. Hawaonekani wakifanya lolote.

Huko Naini watu wengi wa mji walikuwa na yule mjane, kwa hiyo wavutaji walikuwapo. Angalia Bwana anaanza na nani. Anaanza na mama, anamwonea huruma, anamwambia, "Usilie." Ndipo analigusa jeneza, jambo ambalo mtu aliyejali utakaso wa Torati angeliepuka, na "wale waliokuwa wakilichukua wakasimama." Hakuwaambia wasimame. Aligusa tu, nao wakapumzisha miguu, mzigo ukiwa bado mabegani, hawajui huyu mgeni anataka nini.

Kisha kijana akainuka, akaketi, akaanza kusema. Luka anasema Yesu akampa mama yake. Wale wachukuzi hawataji tena, na mimi juma zima nimekuwa nikiwafikiria, wamesimama pale langoni na jeneza lisilo na mtu, wanatazamana nani alishushe kwanza.