Tangi limesimama pale ilipokuwa koma ya babu

Nimerudi Mombasa baada ya miaka 17. Barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri, nimeipita, na aliyewahi kuchomwa na jua kwenye foleni ya feri ya Likoni ataelewa raha yake. Kilichoniumiza kiko Kaloleni, bomani kwetu.

Mliofika kwetu mnaikumbuka ile koma chini ya mwembe, kigogo cha kumkumbuka marehemu, kisichofika kiunoni, kimefungwa kitambaa. Ilikuwa ya kaka yake babu. Kaburi hana. Nyanya alikuwa akiimwagia pombe ya mnazi na kumwita kwa jina kabla hatujala.

Alikuwa kijana wa jembe na kugema. Vita vikamtoa kijijini, akafunzwa mizinga. Mapema Februari 1944, bandarini Kilindini, akapanda meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikienda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki karibu elfu moja. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga kwa torpido. Haikuchukua hata dakika mbili kuzama. Waliowahi kuibuka walikuwa bado wanaogelea pale manowari ya Uingereza, iliyokuwa ikiwalinda, ilipoangusha mabomu majini kuisaka ile nyambizi chini yao. Walikufa watu 1,297. Nyanya aliambiwa tu kwamba bahari imemchukua. Hayo ya mabomu niliyasoma nikiwa ugenini, usiku, nikalia peke yangu.

Sasa mwembe haupo. Pana tangi la maji juu ya zege. Nikamuuliza mtoto wa kaka yangu, aliyesimamia ujenzi, koma iko wapi.

"Kile kigogo, ami? Mafundi walichemshia chai."

Hakusema kwa ubaya. Hakuna aliyemwambia. Nyanya alikufa nikiwa mbali, na pesa za tangi hilo nilituma mimi, nikafurahia picha zake kwenye simu. Zege nililiona. Sikuuliza limemwagwa wapi.

Mlio nje, mkiombwa pesa za ujenzi, ulizeni kwanza ni nini kitang'olewa. Ulizeni kabla ya bei ya saruji.

Aliyebaki anayejua mwembe ulisimama wapi hasa ni mama mdogo, na macho yake yameanza kuingia ukungu. Jumamosi nitamshika mkono twende naye, pamoja na mzee mchongaji kutoka kijiji cha pili. Jina la babu, mama mdogo analikumbuka. Nimemwomba amfundishe huyo kijana alitamke.