Leta Kazi Yako Vile Iko

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na Matendo ya Mitume 9, pale kwa Tabitha wa Yafa, yule anaitwa pia Dorkasi. Wengi wetu tukisoma hiyo habari tunakimbilia kufufuliwa kwake, lakini mimi mstari wa 39 umekataa kuniachilia. Petro anafika, anapandishwa orofani, na wajane wako hapo wanalia huku wakimuonyesha kanzu na nguo zenye Dorkasi alishona akiwa nao. Biblia haijatuandikia ata neno moja lenye huyu mama alisema juu ya ushonaji wake. Ni nguo ndo zinaongea, na wenye wamezishika ni wale wale waliozivaa.

Sasa nikafikiria sisi wenye Mungu ametupatia vitu vya kutunga, nyimbo, mashairi, michoro, ata shuhuda za kuandika. Hapa Kisumu, kuanzia Nyalenda mpaka Kondele, hao watu wamejaa kwa fellowship zetu, unapata mtu ametunga wimbo akingoja abiria kwa steji ya boda, akaurekodi kwa simu, alafu ukakaa huko ndani manake anaogopa watu watasema nini. Naye akipata ujasiri, saa zingine anakuja amejikinga. Anasimama anasema, "Wapendwa, huu wimbo Roho Mtakatifu amenipa usiku."

Inaweza kuwa kweli kabisa, na mimi siwezi kubishana na hiyo. Lakini ukishasema hivo nani tena atakuambia koras imepanda sana na kina mama hawafiki, ama kuna mstari unasema kitu yenye Neno halisemi? Umefunga watu midomo. Na Paulo kwa 1 Wakorintho 14:29 anasema ata manabii wakinena, wengine wapime. Kama unabii unapimwa, sembuse wimbo wetu wa juzi.

Kuna wengine nao wanakuja wakijishusha mpaka inaumiza, "ni kitu kidogo tu, sio kizuri," alafu watu wote wanalazimika kumfariji badala ya kusikiliza. Hiyo pia si kweli, manake kama angeamini si kitu hangekuja nayo.

Nilifurahishwa sana na binti mmoja wa kwaya. Alikuja na daftari, ukurasa umekatwakatwa kwa kalamu ya bluu, Kiswahili na Dholuo vimechanganyika, akasema tu, "Nilitunga huu tukimzika dani (nyanya yake), na ubeti wa tatu bado unanisumbua." Akaimba ameangalia chini. Mzee mmoja akamuomba arudie huo ubeti polepole, akarudia, akamwambia, "Nyara (binti yangu), hapo mwisho jaribu kushuka, usipande." Wakajaribu pamoja bila kibodi, na ukakaa vizuri. Hakuna mtu aliaibika.

Bezaleli wa kabila la Yuda naye, yule fundi wa hema ya kukutania, kwa Kutoka 35, Mungu anamjaza Roho kwa sababu ya kazi ya mikono, dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe na mbao, na mstari wa 34 unaongeza kwamba yeye na Oholiabu wa kabila la Dani walipewa moyoni uwezo wa kufundisha. Yaani ujuzi wao haukuja wa kujifungia peke yao. Kuna wanawake walisokota manyoya ya mbuzi na kuna waliotoa vitambaa, kazi yote ilipita mikononi mwa watu. Ni kama kule Tabaka, Kisii, mchongaji anamaliza na jiwe la sabuni bado liko na alama za kisu, analipatia mama wa kupiga msasa, analilowesha kwa karai ya maji na kulisugua mpaka linalainika.

Kwa sisi wenye tunasikiliza, tafadhali tusiruke kurekebisha kabla hatujamwambia mtu chenye tumesikia kwa hiyo kazi yake. Mwambie kwanza, "hapa umenigusa." Alafu uliza kama anataka kusaidiwa. Kuna wenye hawataki siku hiyo, na ni sawa.

Alhamisi tukikutana, mwenye ako na kitu akuje nacho, ata kama ubeti wa pili haujaisha. Tuambie ulikitoa wapi na bado kinakusumbua wapi, alafu utuimbie ama utusomee. Nitaomba tuanze na wale hawajawahi kusimama mbele.