Nusu ya siti

Juzi nilikuwa nakata tiketi ya Dodoma kwa simu, ile hatua ya kuchagua siti. Unagusa kisanduku, kinageuka kijani, unalipa, umemaliza. Binti yangu alikuwa ananichungulia begani. "Baba, kama mtu anashuka Morogoro, siti yake anakaa nani?"

Nikamwambia akalale. Swali hilo nilikutana nalo Ubungo mwaka 2009, na ndilo lililonikosesha kazi.

Wale wa siku nyingi mnakumbuka wazimu wangu wa Silverlight. Kwa waliokuja baadaye: ilikuwa plagini ya Microsoft. Unaipakua mara moja, kama MB 5 hivi, inakaa ndani ya brauza, na kuanzia hapo ukurasa wa wavuti unafanya mambo ambayo HTML ya enzi zile iliyaona kwenye ndoto. Sura ya programu unaiandika kwa XAML, akili yake kwa C#, vyote vinafungwa kwenye faili moja la .xap. Ukilibadilisha jina likawa .zip, linafunguka kama mzigo wowote. Toleo la 3 lilitoka Julai 2009, mwezi uleule SEACOM, mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, ulipowashwa Dar. Kijana mwenye wazimu haachi mambo mawili kama hayo yapite bila kuyaita ishara.

Nilijifunza usiku, kwa makala nilizopakua kafe nikazibeba kwenye flashi. Hapo sitawachosha. Ukikosea herufi moja kwenye XAML unaletewa ukurasa mweupe usio na neno, mnabaki mnatazamana.

Kazi yenyewe aliniletea jamaa yangu wa Kijitonyama. Kulikuwa na kampuni ya mabasi ya Singida, jina lake tuliache, ambayo mwenyewe, Tajiri kama wote walivyomwita, alitaka akiwa nyumbani aone siti ngapi zimeuzwa. Nikaenda kukaa nyuma ya dada wa kaunta nijifunze kazi yake. Alikuwa na karatasi ya visanduku, mbili kwa mbili, kila kisanduku na jina la abiria. Baadhi ya visanduku vilikuwa vimekatwa kwa mstari kutoka kona hadi kona, na majina mawili ndani.

"Huyu wa juu anashuka Moro," akaniambia. "Wa chini anapandia Moro."

Nilifurahi kupita kiasi. Kompyuta ya kaunta ilikuwa na Internet Explorer, ambayo wakati ule haikujua canvas wala SVG, zile njia za kuchora maumbo ndani ya ukurasa. Kwake dunia nzima ilikuwa mistatili. Silverlight haikuwa na shida hiyo. Unaandika Polygon, unaipa nukta tatu, 0,0 40,0 0,40, unapata pembetatu. Unaandika nyingine, 40,0 40,40 0,40, inakaa pembeni ya mwenzake mpaka siti inatimia. Kila nusu unaipa MouseLeftButtonDown yake, na kila nusu inajua imebofywa yenyewe. Ukurasa haujipakui upya. Usiku ule nilibofya siti moja, juu, chini, juu, chini, mpaka mama akagonga ukuta akiuliza kama kuna panya.

Dada wa kaunta alipoiona alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hiyo nusu ya chini usiitie rangi kali sana."

Nikadhani anazungumzia urembo. Nikaifanya ya kijivu.

Siku ya kumwonyesha Tajiri tulijibana kwenye kachumba nyuma ya kaunta: yeye, dada, konda mmoja na mimi na kompyuta yangu. Mtandao haukuwepo, lakini sikujali, kwa sababu toleo la 3 liliruhusu programu kusakinishwa ikafanya kazi nje ya brauza, na data nilikuwa nimeshaijaza: basi la Jumanne, nililolinakili kutoka kwenye karatasi ya dada. Nikafungua. Siti zikajipanga, kijani, nyekundu, na zile za kijivu zimejikunja chini ya nyekundu. Nje wapiga debe wanaita Dodoma, Singida, Dodoma. Tajiri akavaa miwani.

"Hii nusu ni nini?"

"Abiria wa pili, mzee. Wa kwanza akishuka Morogoro, huyu anakaa."

"Na nauli yake inaingia wapi?"

Nikamgeukia dada anisaidie. Alikuwa anahesabu kitabu cha tiketi, analamba kidole gumba, anafunua, analamba, anafunua, na vishina vyote vilikuwa vya jana. Konda akasema anakwenda kuangalia tairi. Tajiri akaweka kidole kwenye kioo. Akakitembeza kutoka kijivu hadi kijivu, safu hadi safu, midomo inacheza bila sauti. Kidole kiliacha alama ya mafuta juu ya kila moja. Alipofika siti za nyuma akavua miwani.

"Kijana, hizi za kijivu umezitoa wapi?"

Sauti ilikuwa ya upole kabisa. Nikasema ni za mfano tu. Akatikisa kichwa taratibu, akanishukuru, akaniuliza kwetu wapi, akasema watanipigia.

Siku hizi vijana wakitaka kunitania wanataja Silverlight. Ni haki yao. Toleo la 5 la Desemba 2011 ndilo lilikuwa la mwisho, Chrome ikafunga mlango kwa plagini za aina ile mwaka 2015, na tarehe 12 Oktoba 2021 Microsoft wenyewe wakaacha kuihudumia. Wanadhani nilipoteza muda kwa kitu kilichokufa. Mimi naona plagini ilifanya kazi vizuri mno. Ningetumia mistatili ya HTML, ningelazimika kuuza siti moja kwa mtu mmoja, Tajiri angefurahi na kunilipa, na dada angeendelea na mistari yake kwenye karatasi. Kama hilo lingekuwa jema zaidi, na kwa nani, nimejaribu kuliamua mara kadhaa na kila mara napata jibu tofauti. Zile pesa hazikuwa za dada. Wala mshahara wake, ninavyoujua mimi, haukuwa wa kumtosha mtu.

Hawakupiga. Baadaye nilikuwa na safari ya Morogoro, nikapita kaunta ile. Dada alikuwepo. Karatasi yake ilikuwa safi, haina hata kisanduku kimoja kilichokatwa. Aliniandikia tiketi ya Moro bila kuinua macho, na akanitoza nauli kamili ya Singida.